Mama Stoo na Okidi ya Ghorofa ya Nane

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipakia okidi kama mzigo. Kikapu chake cha mbao kilikuwa kimeoza na kuachia upande mmoja, nami nikaitoa, nikaitia kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, nikajaza vipande vya magome ya msonobari na kushindilia kwa kidole gumba mpaka mmea ukasimama kama nguzo. Niliutikisa, haukucheza. Nikafurahi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi hapa Guangzhou: kitu kisichezecheze, kusiwe na upenyo, kwa sababu bahari inatafuta upenyo na ikiupata inavunja. Haikuchukua muda mizizi iliyokuwa ya kijani na kijivu ikageuka rangi ya chai. Okidi ya aina ile huishi juu ya miti, mizizi ikining'inia nje, na mimi nilikuwa nimeiziba pumzi.

Aliyenifundisha kushindilia alikuwa Mama Stoo. Okidi ilikuwa yake.

Watanzania wote wa Xiaobei, eneo la Waafrika wengi hapa mjini, walimwita hivyo. Jina lake la pasipoti nililiona mara moja na sitaliandika. Alizaliwa lini, kwa wazazi gani, sikuwahi kumuuliza. Kwao Tanga, na hilo hukuhitaji kuuliza. Ulilisikia akifungua mdomo. Kwa miaka mingi stoo yake ya chini, kwenye kichochoro kinachotokea mtaa wa Dengfeng, ndiko wafanyabiashara wadogo walikopeleka mizigo isiyotosha kujaza kontena. Mmoja ana marobota ya suruali kutoka soko la Shahe, mwingine taa, mwingine sufuria. Yeye aliikusanya, akaamua kipi kikae juu ya kipi, na kontena likienda bandari ya Huangpu kupanda meli lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Watu walisema kontena la Mama Stoo ukilifungua Dar es Salaam hata upepo hautoki.

Mimi nilikuwa mpimaji wake. Kazi yangu ni kupima maboksi kwa tepu, urefu, upana na kimo, na kumwambia. Nilipima, nikarudia, halafu nikarudi tena kuhakikisha kwamba nilipima. Wenzangu waliniita Fundi Cherehani. Sikusomea kazi hii wala nyingine yoyote. Nimejifunza kila kitu kwa kutazama watu na video, na mtu wa namna yangu haamini kamwe kwamba amejua. Daima anahisi kuna ukurasa mmoja aliouruka.

"We mtu wa Iringa," alikuwa akiniambia, "boksi halikui. Ulivyoliacha ndivyo utakavyolikuta."

"Nahakikisha tu, mama."

"Hakikisha, baba, hakikisha. Meli ikiondoka utahakikisha na mawimbi."

Hakuwa na huruma na watu wanaosita. Mteja akisimama mlangoni na simu mkononi, hajui aongeze marobota au asiongeze, Mama Stoo alimwita kwa sauti ya upole kabisa, "Dada yangu, njoo ukae, maana naona umeota mizizi." Kisha akapakia mzigo wa mtu mwingine kwenye nafasi ile ile, mbele ya macho yake. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Wengine walilia. Kesho yake walirudi wakiwa wameshaamua.

Na huyo huyo ndiye aliyekaa juu, ghorofa ya nane, miezi inakwenda, akishindwa kuamua kushuka.

Jengo lenyewe halina lifti. Mengi ya zamani hapa hayana. Alichagua chumba cha juu enzi zake za nguvu kwa sababu kutoka kwenye dirisha lake aliona malori yakiingia kichochoroni, na kabla dereva hajazima gari tayari alikuwa anamfokea kwa simu. Ngazi alizipanda kama mchezo. Halafu magoti yakaanza. Kwanza akawa anapumzika ghorofa ya tano, akijifanya anaongea na simu. Halafu akawa anashuka mara moja tu kwa siku. Halafu, mwaka huu, zile siku za mwisho wa baridi ambapo unyevu hupanda mpaka kuta na sakafu zinatoa jasho, aliteleza kidogo kwenye ngazi, akashika chuma, akarudi chumbani. Hakushuka tena. Hakusema kwamba hatashuka. Alisema tu, "Leo hapana," na leo ikawa ndefu.

Stoo akaiendesha kwa simu kutoka kitandani. Nilimtumia vipimo na picha, naye akapanga kontena kichwani. Na mpangilio wake ulibaki bora kuliko wa mtu aliyesimama ndani ya kontena lenyewe, mpaka siku aliponiagiza niweke mashine za kushonea juu ya vyombo vya udongo. Nilimkumbusha kwa heshima. Akasema nilikuwa nimepiga picha vibaya.

Alizijua hatua za kila mtu. Ukiwa ghorofa ya tatu tayari alikuwa anaita, "Fundi Cherehani, umekuja na mkate au umekuja na mdomo?" Alisikia nani kagombana na mkewe kwa namna anavyoburuta viatu. Alisikia mgeni. Mgeni akipita nje, alipunguza sauti ya televisheni na kungoja kama mtu aliyejificha, ingawa hakuwa na sababu ya kujificha, karatasi zake zote zilikuwa sawa. Nilimuuliza kwa nini. "Ataniona nimekaa," alisema.

Televisheni ilikuwa mwenzake. Alifuata tamthilia ndefu za kasri za kifalme, na Kichina chake kilikuwa cha sokoni tu: bei, ndiyo, hapana, hakuna, na "laoban," yaani bosi, jina alilomwitia kila Mchina, hata watoto. Kwa hiyo hadithi alijitungia. "Huyu mke mkubwa ana roho mbaya. Jana kamtilia mwenzake kitu kwenye chai." Mimi, kwa ugonjwa wangu wa kuhakikisha, nilitafuta muhtasari mtandaoni. Hapakuwa na sumu, na wale wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nilimwambia.

"Basi walioandika wamekosea," alisema. "Mtazame macho."

Aliswali akiwa ameketi, kwa wakati, kila mara. Na akitoka kwenye mkeka aliweza kumdanganya binti yake bila hata kukohoa.

Hilo la uongo sina budi kulieleza kwa sababu nilishiriki. Binti yake yuko Tanga, ana nyumba ya chini yenye baraza, na kwa muda mrefu alikuwa anamwita mama yake arudi. Hakujua habari ya magoti. Alidhani mama anang'ang'ania biashara. Mimi nikienda Huangpu kusimamia makontena, Mama Stoo aliniagiza nimpigie video ya bandari: winchi, malori, watu wenye kofia. Alimpelekea binti, akiongeza kwa sauti yake, "Unaona kazi hizi? Nitaziacha na nani?" Video zile nilizipiga vizuri. Nilihakikisha kivuli changu hakionekani.

Siku moja binti alipiga nikiwa pale chumbani. Mama Stoo aliweka sauti ya juu ili asikie vizuri.

"Mama, shikamoo. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko Huangpu hapa, kelele tupu." Akaniashiria kwa mkono nipige kitu. Nilichukua mwiko nikapiga sufuria.

"Mbona nasikia mwanamke analia Kichina?"

Tulikuwa tumesahau televisheni.

"Wafanyakazi," alisema Mama Stoo. "Wana matatizo yao."

Binti akacheka, akasema, "Haya mama." Ile "haya" ilinifuata ngazi zote nilipokuwa nashuka.

Sasa okidi. Alipewa na mwenye nyumba, mzee Mchina anayekaa chumba cha mlangoni chini, kwa ajili ya Mwaka Mpya wao. Ilikuja kwenye kikapu kidogo cha mbao, imechanua, maua meupe yenye madoa ya zambarau yakiwa yamening'inia kama mkia, na harufu iliyojaa mpaka kwenye ngazi. Mama Stoo aliniambia ilikuwa zawadi ya kwanza kupata katika mji huu kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na mzigo. Hakujua lolote juu yake. Alikuwa anaimwagia chai iliyobaki. Aliiita "hili jani." Lakini maua yalipoanguka hakuitupa, na kikapu kilipooza aliniambia mimi niitafutie makazi, kwa kuwa nilikuwa na simu yenye video.

Baada ya kosa la ndoo niliikata mizizi iliyooza, nikairudisha kwenye mabaki ya kikapu, nikakining'iniza kwa waya dirishani pake. Chumba changu mimi hakina dirisha. Tunalala watatu, na mwanga wetu ni taa. Hivyo ikabaki kwake, na mimi nikabaki na swali: niifunge ubaoni au niipande kwenye chungu?

Ukiifunga kwenye ubao au gome, mizizi inapata hewa kama porini, haiozi, na ikishashika huisumbui tena kwa miaka. Lakini baridi ya Guangzhou ni kavu. Upepo wa kaskazini ukianza, mizizi iliyo wazi inakauka kama kamba ya kuanikia nguo, hivyo lazima mtu awepo kila asubuhi aipulizie maji, bila kuruka siku. Chungu kinatunza unyevu. Unaweza kuondoka juma zima. Ila aina hii haipendi kufunikwa, na maji yakituama wakati wa baridi itaoza, na mimi nilikuwa nimeshaiozesha mara moja. Na lolote utakalofanya, ulifanye kabla baridi haijaingia. Ikiingia, mizizi inalala. Haishiki kitu na kidonda chake hakiponi.

Nilitazama kila video niliyoweza. Nilinunua gome zuri la mti, nikanunua na chungu cha udongo chenye matundu ubavuni. Nilivipandisha vyote ghorofa ya nane na vikakaa chini ya dirisha kama wachumba wawili wanaosubiri jibu. Kila Ijumaa nilipanda, nikaitazama mizizi, nikasema bado.

Cha ajabu, Mama Stoo hakunicheka. Yule aliyewaliza wateja kwa kusita kwao alinitengea kiti. "Usikurupuke, baba. Kitu chenye uhai hakitaki haraka. Tazama tena wiki ijayo." Alinimiminia chai ya tangawizi. Mtu anayehangaika kama mimi akiambiwa asikurupuke anahisi amependwa. Nilishuka nikiwa mwepesi, na okidi ikabaki pale pale.

Hata wengine walipomshauri habari ya kushuka, aliitumia okidi kama kisingizio. Mpakiaji wetu mkuu ni Mkenya wa kutoka Nakuru, mabega kama kabati, anayekaa ghorofa ya pili.

"Mathe, si nikubebe tu? Friji nimebeba, wewe ndio utanishinda?"

"Friji ipi? Ile ya yule mama wa Arusha uliyoiangusha?"

"Aah mathe, hiyo iliteleza."

"Na mimi nitateleza. Mimi nimepakia mizigo ya watu umri wangu wote, na wewe unataka kunigeuza mzigo mbele ya mtaa mzima? Waseme Mama Stoo kashushwa mgongoni?" Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Kwanza kuna hili la jani. Huyu akishaamua lake, na mimi nitaamua langu."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sikusikia alichosema.

Nilikuja kukisikia mwezi wa kumi na mbili ulipokaribia, asubuhi moja upepo ulipogeuka. Unapogeuka hapa unajua: jana watu wamevaa fulana, leo wauzaji wa Dengfeng wameanika makoti nje na midomo yako imepasuka. Nilipanda mbio. Nilikuwa nimeamua hatimaye. Hoja zote zilikuwa upande wa gome: afya ya mizizi, kosa langu la zamani, kila mtaalamu niliyemsikiliza. Na lile sharti moja gumu, la mtu kuwepo kila asubuhi, lilikuwa limejijibu. Mtu alikuwepo.

Hakuniita nilipofika ghorofa ya tatu. Nilifikiri kalala.

Alikuwa ameketi kitandani na mtandio umemfunika mikono yote miwili. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwa pumzi moja kwamba ni gome, nimeamua, leo hii, kabla baridi haijatua.

Uso wake ukafunguka. "Ndiyo! Nilijua. Utalifunga hapo hapo dirishani na mimi nitakuwa nalipulizia kila asubuhi. Nimeshamwambia binti yangu, mwaka huu haiwezekani. Nimemwambia nina mgonjwa."

"Mgonjwa gani, mama?"

"Si hili jani?"

Alinyoosha mkono kunionyesha pa kugongea msumari, na mtandio ukateleza. Mkono kuanzia kiwiko hadi bega ulikuwa umevilia damu.

"Mama, huo mkono?"

"Nilianguka."

"Lini?"

"Juzi. Nilipanda kwenye kigoda nilimwagilie. Si ulisema hewa imekauka?"

Nilikuwa nimesema. Nilimtumia ujumbe, nikiwa Huangpu, kwamba kipimo cha unyevu kimeshuka.

"Nani alikuinua?"

"Mkenya. Alileta mkate jioni."

"Na ulianguka saa ngapi?"

"Asubuhi." Aliuvuta mtandio. "Usinitazame hivyo. Sikuwa peke yangu. Nilitazama tamthilia tatu nikiwa chini. Kutoka chini unaiona vizuri zaidi."

Alitaka nicheke, nami sikuweza. Nililitazama lile gome. Lilikuwa gome zuri, nililichagua kwa uangalifu, lilikuwa na mikunjo mahali mizizi ingeshika. Nikaona kitu ambacho mtu yeyote asiye na video angekiona tangu mwanzo: nilikuwa nimetafuta mazingira kamili ya mmea, na sehemu moja ya mazingira hayo ilikuwa mwanamke mzee asiyetoka chumbani. Ningegonga msumari ule, angepanda kigoda kesho, na kesho kutwa, baridi yote. Na angefurahi, kwa kuwa angekuwa na sababu. Kila Ijumaa niliyosema bado, nilikuwa nampa sababu. Naye alinipa chai.

Nikaliweka gome pembeni, nikavuta chungu.

"Hicho cha nini?"

"Ni chungu, mama."

"Nakiona. Si umesema gome?"

"Nimesema."

"Ndilo sahihi, umesema."

"Ndilo sahihi."

"Sasa?"

"Sasa naipanda kwenye chungu."

Nilikata waya, nikashusha kikapu, nikaanza kuchomoa mizizi kwenye vipande vya mbao iliyooza. Ilikuwa imeng'ang'ania. Mmoja ukavunjika, ukatoa sauti ndogo kama njiti ya kiberiti. Halafu mwingine.

"Umevunja."

"Nimevunja."

"Litakufa."

"Linaweza kufa."

Nilitia magome bila kushindilia. Mmea ukakaa upande, unacheza, wa aibu kabisa kuutazama. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuutoa na kuanza upya.

"Unanifukuza," alisema Mama Stoo. Hakupandisha sauti. "Kijana niliyekuokota hujui hata kufunga boksi, unanifukuza kwangu."

"Gome linataka mtu wa kukaa humu kila siku," nilisema. "Sitaki mtu huyo awe wewe."

Kwenye televisheni mke mkubwa alikuwa anapiga magoti mbele ya mtu. Mama Stoo alichukua simu. Nilidhani anamwita Mkenya anitoe. Akaweka sauti ya juu, kwa mazoea.

"Shikamoo mama. Uko Huangpu?"

"Niko kitandani."

"Unaumwa?"

"Magoti. Sijashuka ngazi tangu masika." Akanitupia jicho. "Zile video alikuwa anapiga kijana."

Binti akasema polepole, "Nilijua kuna kitu, mama. Nilidhani umeolewa huko."

Mama Stoo akaangua kicheko, kicheko cha kweli, mpaka akaushika ule mkono mbovu. "Na nani? Na hili jani?"

"Nani yuko na wewe hapo?"

"Huyu Fundi Cherehani. Ananiulia ua langu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuliita ua.

Alishuka wiki iliyofuata, na alishuka kwa masharti yake. Hakubebwa. Alikataa mgongo wa Mkenya, alikataa kiti, alikataa wale vijana wa kampuni ya kuhamisha samani niliowapendekeza na nikatukanwa. Alivaa dera jeusi na suruali ndani, akaniagiza nikunjue boksi la taa, akalikalia, na akaanza kushuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja baada ya kingine, kama watoto wanavyofanya kabla hawajajua kutembea. Mimi nilimtangulia kidato kimoja chini, uso kwake, nikirudi kinyumenyume. Mkenya alisimama mlangoni chini akizuia watu.

"Ngazi zimemwagika mafuta," tulimsikia anamwambia mtu. "Subiri kidogo, kaka. Sikiza, nimesema subiri."

Kila kona ya ngazi alipumzika. Alihema, akafuta uso, akauliza kama mizigo ya Shahe imefika. Ghorofa ya tano alisema, "Hapa ndipo nilipokuwa najifanya naongea na simu." Nilisema najua. "Unajua nini wewe," alisema, na akasogea kidato kingine. Ghorofa ya tatu alilia kidogo, bila sauti, huku anashuka, na mimi niliangalia ukuta. Milango yote ilikuwa imefungwa. Alikuwa amewapigia majirani, mmoja mmoja, akawaambia wafunge, na hata wale Wakongo wenye muziki walizima.

Tulisahau mtu mmoja. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini kabisa, na hakuna aliyejua namna ya kumweleza. Mama Stoo alitokeza kwenye kona ya mwisho, ameketi, nywele zimetoka kwenye mtandio, na wakatazamana. Nilimwona akifumba macho.

Mzee akainuka. Alifungua geti la chuma mpaka mwisho, akaliwekea tofali lisijifunge. Kisha akageuka, akauelekeza uso wake ukutani, na akabaki amesimama hivyo, mikono nyuma, mpaka Mama Stoo alipofika kidato cha chini, akanishika bega na kusimama kwa miguu yake.

"Laoban," alisema Mama Stoo.

Ndipo mzee akageuka na kuitikia kwa kichwa, kama vile ndiyo kwanza anamwona.

Tangu hapo Mama Stoo yuko Tanga, kwenye nyumba ya chini, na stoo inaendeshwa na mtu mwingine. Okidi iko kwenye dirisha la ofisi ya stoo, ndani ya chungu. Imedondosha majani na haijachanua. Mimi sipigi tena video za bandari. Naamua mapema kuliko zamani, na nakosea mara nyingi zaidi.